b = a hainakili orodha

Wengi wanaoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huamini kwamba wakiandika b = a wamepata orodha mbili, na kwamba hata wakiivuruga b, a itabaki salama. Sivyo. Orodha ni ile ile moja. Kilichoongezeka ni jina tu.

Jaribu mwenyewe:

a = [3, 5, 8]
b = a
b.append(9)
print(a)

Utaona [3, 5, 8, 9], ingawa a hukuigusa kabisa. Hitilafu ya namna hii inasumbua kweli, kwa sababu hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Programu inaendelea tu na data isiyo sahihi, na unakuja kugundua tatizo mbali sana na mstari uliolisababisha.

Ukitaka nakala, iombe waziwazi: b = a.copy(), au b = a[:]. Matokeo ni yale yale.

Hata hivyo, nakala hiyo ni ya juu juu, na hapa ndipo watu hujikwaa mara ya pili. Kama a = [[1, 2], [3, 4]], orodha za ndani bado zinatumiwa na majina yote mawili: b[0].append(7) itabadilisha a[0] pia. Ukitaka na orodha za ndani zinakiliwe, andika import copy, kisha b = copy.deepcopy(a).

Ukiwa umeandika b = a, tofautisha pia b += [9] na b = b + [9]. Ya kwanza huongeza kwenye orodha iliyopo, hivyo a nayo hubadilika. Ya pili huunda orodha mpya, na a haiguswi.