Orodha ya vitabu uvipendavyo, na mkutubi anavyoisoma

Ombi gumu kuliko yote ninayoletewa maktabani hapa Moshi ni hili: "Nipe kitabu kizuri." Kizuri kwa nani? Kinachomkesha mwalimu mstaafu wa Uru kinaweza kumlaza kijana wa bodaboda wa Pasua ukurasa wa tatu. Kwa hiyo sijibu. Namsogezea mtu kikaratasi na kumwomba aniorodheshee vitabu vichache alivyovipenda, vya lugha yoyote, vya zamani au vya juzi. Orodha hiyo ndiyo itakayoniambia nimpe nini, mradi iwe yake kweli.

Na mara nyingi ile ya kwanza si yake, ni ya shule. Anaandika Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Kilio Chetu, na kama alifika kidato cha sita anaongeza Vuta n'kuvute na Kwenye Ukingo wa Thim. Majina yanamtoka mfululizo kwa sababu aliyakariri pamoja na dhamira na ujumbe, akaingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri mno. Lakini kusoma huku unawinda hoja za kujazia insha ni jambo moja, kupenda ni jambo jingine. Basi namuuliza: "Kipi kati ya hivi ulikirudia bila kutumwa na mtu?" Hapo mistari inaanza kukatwa. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, vinaingia vingine: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kile cha jasusi Willy Gamba kilichotoka mwaka 1974, au vya Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Sijui nani aliwafundisha watu kuvionea haya. Mama mmoja alimwandika Musiba pembeni kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo. Nilimwambia ampandishe juu.

Hata hivyo jina la kitabu peke yake halinisaidii sana. Kinachonisaidia ni sababu, hata ikiwa ya maneno matatu. Chukua Kuli cha Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 inayohusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Wasomaji wangu kadhaa wanacho kwenye orodha zao. Yule mwalimu wa Uru aliandika mbele yake: "Wanyonge kujipanga. Nami nilikuwa chama cha wafanyakazi." Dada mmoja mshonaji wa Majengo: "Naiona Unguja, mpaka harufu." Kijana wa Chuo cha Ushirika: "Kiswahili chake tu."

Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, aliyefanya kazi miaka mingi Seattle, anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mazingira au lugha. Mlango uliompendeza jana ndio atakaoutafuta kesho. Mimi sijaona njia nyingine inayofanya kazi vizuri kama hii. Mwalimu nilimpa Kasri ya Mwinyi Fuad, cha Shafi huyo huyo, ambamo watumishi na wafanyakazi wa shamba la bwana wanafikishwa kwenye mapinduzi ya mwaka 1964. Kijana wa chuo nilimpa Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, maana ukitaka Kiswahili kinachotembea kwa madaha, hapo umefika. Mshonaji nilimpa Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Siku ya kukirudisha alikuja na kidole kati ya kurasa, pale kijana Yusuf anapoachwa kwa Hamid, mwenye duka katika mji mdogo ulio chini ya mlima mkubwa wenye theluji. "Huu si mlima wetu huu?" Nilimwonyesha dirisha.

Sasa tazama shelfu zinavyofanya. Kuli kipo 896.392, ndiko mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, unakoweka fasihi ya Kiswahili. Peponi, ingawa unakisoma kwa Kiswahili, kwa kanuni hufuata lugha kilichoandikiwa kwanza, kwa hiyo mahali pake ni 823, pamoja na riwaya za Kiingereza. Wazanzibari wawili, wote wameandika juu ya pwani, na mmoja anakaa ukuta wa huku, mwingine wa kule. Sina ugomvi na Dewey, bila namba zake tungetafuta kitabu kimoja kutwa nzima. Ila namba haiwezi kujua kwamba kwa mshonaji wa Majengo vitabu hivyo viwili ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Anayejua ni yeye, na pa kuandika ujirani huo ni kwenye orodha yake.

Andika pia umesoma chapa ipi na tafsiri ya nani. Nyerere alitafsiri ule mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari, ukatoka mwaka 1963, kisha akaurekebisha mwenyewe ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Anayeniambia "ile ya Nyerere" bado hajaniambia kitu.

Kuhusu pa kuandikia, kauntabuku la kwaya mbili linatosha. Simu nayo inafaa, ingawa simu huibiwa, na orodha ya miaka ikaenda nayo. Weka mwezi na mwaka wa kusoma. Kitabu kilichoshuka thamani machoni pako usikifute, kipige mstari mmoja kibaki kinasomeka, kwa sababu mimi hujifunza mengi kwenye vilivyopigwa mstari. Na tenganisha ulivyosoma na ulivyopenda. Mwimbaji Art Garfunkel wa Marekani anaandika kila kitabu anachomaliza tangu mwaka 1968, na anavyovipenda amevitenga kwenye orodha ya peke yake. Ukichanganya, baada ya muda utabaki na rejista ya mahudhurio.

Ulivyoviacha njiani navyo viwe na ukurasa wao, huko nyuma ya daftari. Watu hunificha hivi kuliko hata vya Musiba, kana kwamba walisaini mkataba na mwandishi. Pearl huyo huyo ana kanuni nzuri: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika, kiache. Ukishavuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mzee wa miaka 70 anadaiwa 30 tu. Mwalimu wa Uru alipoisikia alicheka, akanirudishia hapo hapo kitabu kinene nilichomwazimisha, tena kile nilichokuwa nakisifia.

Imebaki safu moja ambayo wengi hawaiweki. Hapa Moshi, wazee wakiorodhesha, hawakosi Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, cha mwaka 1947, kinachoeleza mila tangu mtu anazaliwa mpaka anawafuata wahenga. Kila ninayemuuliza nakala yake iko wapi anajibu kwamba aliichukua shemeji, au mtoto wa baba mdogo, Desemba fulani watu walipopanda nyumbani kwa Krismasi. Kwa hiyo chora safu ya "kipo kwa nani", na uijaze kabla gari la mgeni halijatoka getini.