Dhahabu na fedha za kampuni binafsi kama pesa ya kila siku: dhana potofu na ukweli

Wanaozipigia debe sarafu za dhahabu na za fedha (madini ya silva, si pesa kwa jumla) zinazotolewa na kampuni binafsi huanza na hoja tamu: serikali inaweza kuchapa noti kadiri ipendavyo, ila hakuna awezaye kuchapa dhahabu. Ni kweli. Kasheshe huanza unapotaka kwenda nayo dukani.

"Thamani imo ndani ya madini, kwa hiyo huwezi kupunjwa."

Unapunjwa vizuri tu. Mwaka 1998 huko Marekani, Bernard von NotHaus alianzisha Liberty Dollar. Sarafu yake ya aunsi moja ya fedha (gramu 31 hivi) iliandikwa dola 10, wakati aunsi hiyo sokoni ilikuwa karibu dola 5. Aliyeipokea kwa dola 10 alishika madini ya dola 5, na nusu iliyobaki ilikuwa imani tupu kwamba mwingine naye ataipokea kwa bei hiyohiyo. Hiyo ndiyo lawama waliyokuwa wakiitupia noti! Fedha ilipopanda bei, sarafu mpya za uzito uleule zikaandikwa dola 20. Kwa maoni yangu, sarafu ya namna hii ingetaja uzito na usafi wake basi, bei watu wakaipiga kwa soko la siku.

Na soko lenyewe halitulii. Januari 1980 aunsi ya fedha ilikaribia dola 50. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huohuo ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 11. Fikiria aliyelipwa mshahara kwa fedha mwezi ule wa Januari.

"Kumiliki dhahabu ni ruhusa, basi na kuitolea sarafu ni ruhusa."

Hayo ni mambo mawili. Sheria ya Marekani ya tangu 1864 inakataza mtu binafsi kutoa sarafu za madini ili zitumike kama pesa, hata kama hazifanani na za serikali. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walivamia ofisi za Liberty Dollar mwaka 2007, von NotHaus akatiwa hatiani 2011, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha miezi sita pamoja na muda wa uangalizi.

Kabla ya sheria hiyo mambo yalikuwa mengine. Kuanzia 1831 sonara Christopher Bechtler alitengeneza sarafu za dhahabu katika jimbo la North Carolina, zikiwa zimeandikwa uzito na usafi wake, na watu wakaziamini. Zile za Wamormoni (waumini wa dhehebu la Mormoni) wa Salt Lake City, Utah, za 1849, zilipopimwa, zilikutwa na dhahabu pungufu ya thamani iliyoandikwa, na wafanyabiashara wakazikwepa.

Jimbo la Utah nalo hutajwa sana kwa sheria yake ya 2011. Sheria hiyo inatambua kama pesa sarafu za dhahabu na fedha zilizotolewa na serikali kuu, si za kampuni binafsi, na hakuna anayelazimishwa kuzipokea.

"Dhahabu haighushiki."

Tungsteni ni metali yenye uzani karibu sawa na dhahabu: gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Ukiipaka dhahabu juu, mizani inakubali, kipimo cha maji kinakubali, na sumaku haikuambii kitu. Sonara ana vifaa vya kuigundua. Muuza duka mwenye foleni ya wateja hana.

"Tutaikata vipande vidogo."

Dhahabu ikiwa dola 2,000 kwa aunsi, gramu moja ni kama dola 64. Kitu cha dola 2 kitahitaji gramu 0.03, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Nani atakitolea chenji? Ndiyo maana mwaka 2019 zilitoka Goldback, karatasi za plastiki zenye utando wa dhahabu, ndogo yake wakati huo ikiwa na sehemu moja ya elfu ya aunsi. Ujanja mzuri, ila huuzwa kwa karibu mara mbili ya dhahabu iliyomo, na hapo tumerudi kwenye imani ya Liberty Dollar.

Isitoshe, mwenye noti mfukoni na dhahabu sandukuni hulipa kwa noti. Dhahabu anaiweka, hasa akiamini itapanda bei.