Mwongozo unafuatwa, hautiiwi

Juzi tena kwenye kikao nimesikia mtu anasema "madaktari wetu hawatii mwongozo, wabanwe". Hapana jamani, mwongozo hautiiwi.

Kwa kifupi, mwongozo wa matibabu, wengine wanaita gaidilaini, ni maelekezo ya wataalamu waliopitia tafiti wakasema mgonjwa wa aina hii kwa kawaida ahudumiwe hivi. Basi.

Sasa neno lenyewe. Limetoka kwenye kuongoza, ukoo mmoja na kuongoka na uongofu. Anayekuongoza anatangulia, anakuonyesha njia, lakini macho unatembea na yako. Amri na sheria ni maneno yaliyotujia toka Kiarabu, na hizo ndo zinadai utii, ukikaidi unaadhibiwa. Daktari akiacha dawa iliyotajwa kwenye mwongozo kwa sababu mgonjwa wake ana mzio nayo, akampa nyingine na akaandika sababu kwenye faili, huyo hajaasi kitu, kafanya kazi yake.

Chukua antibayotiki ya kinga kabla ya operesheni, ile ya kuzuia kidonda kisipate maambukizi. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wao wa 2016 wanasema ichomwe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kupita, na operesheni ikiisha isiendelezwe eti kwa kinga. Unakuta imechomwa wodini alfajiri, halafu foleni ya thieta inasogea mpaka saa nane mchana, dawa mwilini ishapungua. Hapo nani kakaidi? Nesi wa wodi kachoma kama alivyoandikiwa, thieta wanaona kwenye faili imechomwa, kila mtu roho safi. Ukimbana daktari unambana kwa lipi? Hamisha ile sindano ikae kwenye trei ya mtu wa dawa ya usingizi, na kabla ya kisu mmoja aulize kwa sauti imechomwa saa ngapi. Swali la hivyo limo kwenye cheklisti ya WHO ya upasuaji salama ya 2008, ina vipengele 19 tu, na Ifakara yetu ya Tanzania ilikuwa moja ya miji minane duniani iliyoijaribu, matokeo yalipotoka 2009 vifo vya wagonjwa wa operesheni kwa jumla vilikuwa vimeshuka toka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Ila iulizwe kweli, maana kuweka tiki zote mgonjwa akishatolewa thieta nako siyo kufuata.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kikaoni, siku nyingine sema "haufuatwi", halafu twende wote tukaangalie sindano inakaa wapi.