Fox haiwachagulii rais: dhana potofu kuhusu wahafidhina wa Marekani, kura na televisheni

Jumatano ya tarehe 6 Novemba 2024, kama saa saba na nusu mchana, nilikuwa kwa kinyozi hapa Morogoro shirika la habari la AP lilipomtangaza Donald Trump kuwa mshindi. Kinyozi akazima mashine ili sote tusikie. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akasema bila kusita: "Hiyo ni kazi ya Fox. Bila ile televisheni yao, hawa wahafidhina hawana kitu." Waliokuwa kwenye benchi wakaitikia. Mimi pia niliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini nimezifuatilia siasa za Marekani tangu uchaguzi wa 2000, na kadiri ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyoona kwamba kauli ya mzee wetu, pamoja na nyingine za namna hiyo, inaanzia mwisho badala ya mwanzo. Hizi hapa ndizo ninazozisikia mara kwa mara.

"Fox News ndiyo inayowachagulia wahafidhina mgombea"

Ingekuwa hivyo, Trump asingefika popote. Mdahalo wa kwanza wa wagombea wa Republican, chama cha wahafidhina, Agosti 6, 2015 mjini Cleveland, ulirushwa na Fox yenyewe, na watangazaji wake walimbana kwa maswali magumu kuliko wenzake. Akagombana na mmoja wao, Megyn Kelly, kwa miezi kadhaa. Januari 2016 akasusia kabisa mdahalo wa Fox kule Iowa. Siku chache baadaye alishindwa na Ted Cruz katika jimbo hilo, lakini akaichukua New Hampshire, akaichukua South Carolina, na mwishowe akapata tiketi ya chama. Jeb Bush, ambaye kamati iliyomuunga mkono ilikuwa imechangisha zaidi ya dola milioni 100, alijitoa bila kushinda jimbo hata moja.

Mambo yakajirudia miaka saba baadaye. Siku moja baada ya uchaguzi wa Novemba 2022, gazeti la New York Post, mali ya familia ile ile ya Rupert Murdoch inayomiliki Fox, lilimweka Ron DeSantis, gavana wa Florida, ukurasa wa mbele kama kiongozi wa kesho wa chama. Mdahalo wa kwanza wa 2023 ukaandaliwa na Fox mjini Milwaukee. Trump hakwenda. Usiku huo huo yakarushwa mtandaoni mahojiano yake na Tucker Carlson, mtangazaji ambaye Fox ilikuwa imeachana naye miezi minne kabla. Januari 2024 DeSantis akajitoa.

Lakini tukio linaloonyesha vizuri zaidi nani humfuata nani ni lile la Novemba 3, 2020. Saa tano na dakika 20 usiku kwa saa za New York (kwetu kumekwisha kucha), Bill Hemmer wa Fox alikuwa amesimama mbele ya ramani yake kubwa akieleza njia zilizobaki za Trump kushinda. Ghafla akaona jimbo la Arizona limepakwa rangi ya Joe Biden, mpinzani wa Trump kutoka chama cha Democrats. Akauliza papo hapo, hewani, kwa nini iko hivyo. Kumbe wataalamu wa takwimu wa kituo chake mwenyewe walikuwa wameshalitangaza jimbo hilo kabla ya kituo kingine chochote. Hesabu yao ilikuwa sahihi: Biden alilichukua kwa kura 10,457. Hata hivyo watazamaji wengi walihisi wamesalitiwa na nyumba yao wenyewe, wakaanza kuhamia Newsmax, kituo kidogo kilichokuwa tayari kuendelea kusema kwamba Trump hajashindwa. Chris Stirewalt, mmoja wa wahariri walioitetea hesabu ile, alipoteza kazi Januari 2021.

Yaliyofuata ndani ya Fox tumeyajua kupitia mahakama ya Delaware, katika kesi ya kampuni ya mashine za kura, Dominion, iliyoishtaki Fox. Barua pepe na ujumbe wa simu wa watangazaji viliwekwa wazi. Watu waliokuwa wakiwapa wageni nafasi ya kudai kwamba mashine zimeiba kura walikuwa, faraghani, wakiandikiana kwamba madai hayo hayana msingi. Mwandishi mmoja wa Fox alipoupinga kwa ushahidi ujumbe wa Trump, Carlson aliwaandikia wenzake kwamba afukuzwe, kwa sababu anaiumiza kampuni na bei ya hisa inashuka. Jaji Eric Davis aliamua, kabla hata ya kesi kuanza kusikilizwa, kwamba kauli zilizolalamikiwa kuhusu Dominion hazikuwa za kweli. Aprili 18, 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5.

Mimi nilipozisoma zile nyaraka niliacha kumwona mtazamaji wa kihafidhina kama kondoo anayechungwa. Aliyeogopa pale alikuwa mchungaji. Kituo kilimwogopa mteja wake, kikaamua kumpa alichotaka kusikia, na hilo ni kosa zito zaidi kuliko kumdanganya kwa kutojua.

Nisieleweke vibaya: athari ya kituo hiki ipo. Wachumi Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji ya Marekani iliyofikiwa na Fox kati ya 1996 na 2000 na ile ambayo haikufikiwa. Walikadiria kwamba mgombea urais wa Republican aliongezewa kati ya asilimia 0.4 na 0.7 ya kura. Ni kidogo sana. Ila mwaka 2000 Florida iliamuliwa kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, na Florida ndiyo iliyompa George W. Bush urais.

"Anayeongoza kwa kura nchi nzima ndiye mshindi"

Kwetu Tanzania ni hivyo: mwenye kura nyingi zaidi ndiye rais. Kenya wameongeza masharti: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Marekani hakuna uchaguzi mmoja wa rais. Kuna chaguzi 51, yaani majimbo 50 na mji mkuu, zinazogawana wajumbe 538 ambao ndio humpigia rais kura ya mwisho, na anayefikisha 270 ameshinda. Isipokuwa Maine na Nebraska, mshindi wa jimbo huzoa wajumbe wote hata kama amepita kwa kura moja.

Ukilielewa hili, mkakati wa wahafidhina hautakushangaza tena. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas. Zile za Texas zilimpa wajumbe 38. Zile za California hazikumpa hata mmoja. Ndiyo maana mgombea wa Republican haendi Los Angeles kutafuta kura, huenda kutafuta pesa. Mwaka 2016 Hillary Clinton wa Democrats alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima, lakini Trump akaingia Ikulu kwa sababu ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, ambako tofauti zote tatu zikijumlishwa hazifiki kura 78,000. Kiwanja kimoja cha mpira kinaweza kubeba watu wengi kuliko hao.

Wahafidhina wanaoutetea mfumo huu wana hoja inayostahili kusikilizwa: nchi yao ni muungano wa majimbo, na rais anapaswa kukubalika sehemu nyingi, siyo kuchaguliwa na miji michache mikubwa. Wapinzani wao wanajibu kwamba mfumo huo huo unawafanya wagombea wayasahau majimbo yote isipokuwa saba hivi. Kwa maoni yangu jibu hilo lina nguvu zaidi. Tena dhana kwamba Republican hawawezi kushinda kwa kura za wananchi nayo imekufa: mwaka 2024 Trump alipata asilimia 49.8 dhidi ya 48.3 za Kamala Harris, pamoja na wajumbe 312.

"Televisheni ndizo zinazomtangaza rais"

Hii inatokana na mazoea yetu ya kumsubiri mwenyekiti wa tume asimame na karatasi. Marekani hakuna tume ya taifa ya kutangaza matokeo ya urais. AP, ambayo imekuwa ikihesabu kura za urais tangu 1848, na vituo vya televisheni hutoa makadirio tu. Matokeo huthibitishwa na kila jimbo, wajumbe hupiga kura zao Desemba, na Bunge huzihesabu Januari 6. Arizona ya 2020 ingekwenda kwa Biden hata kama Fox ingenyamaza mwezi mzima.

"Reagan alifuta sheria ya usawa, ndipo Fox ikazaliwa"

Nusu ya hii ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayofanya isife. Kuanzia 1949 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilivitaka vituo vya redio na televisheni vijadili masuala yenye ubishi na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Mwaka 1987 Bunge lilijaribu kuiandika kanuni hiyo iwe sheria, Ronald Reagan akakataa kutia saini, na Agosti mwaka huo huo tume ikaifuta. Agosti 1988 Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa kihafidhina, akaanza kipindi chake cha nchi nzima. Kwa redio, basi, uhusiano upo.

Lakini kanuni hiyo iliwabana wanaotumia masafa ya umma hewani. Fox News, iliyoanza Oktoba 1996, inasafiri kwa kebo. Hata kanuni ingebaki, isingeifikia. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wahafidhina wenyewe hawakukubaliana. Phyllis Schlafly, mmoja wa wanaharakati wakubwa wa mrengo wa kulia, aliitetea kanuni ile, akiona kwamba ikiondoka vituo vikubwa vitawafungia mlango watu kama yeye.

"Malalamiko yao kuhusu vyombo vya habari ni visingizio tu"

Mengine ni visingizio. Mengine yana sababu, na asiyezijua hawezi kuelewa kwa nini kauli ya Trump dhidi ya waandishi inapokelewa kwa shangwe. Septemba 2004, wiki chache kabla ya uchaguzi, kituo cha televisheni cha CBS kilirusha nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa Bush, kisha kikalazimika kuomba radhi kwa sababu hakikuweza kuthibitisha kwamba ni halisi. Oktoba 2020 Twitter iliwazuia watumiaji wake wasisambaze habari ya New York Post kuhusu kompyuta ya mtoto wa Biden. Bosi wa kampuni hiyo wakati huo, Jack Dorsey, alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa. Kosa la namna hiyo hukumbukwa miaka ishirini. Mwaka 1976 kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilikuta asilimia 72 ya Wamarekani wana imani na vyombo vya habari. Mwaka 2024 walikuwa 31, na kwa wafuasi wa Republican ni 12 tu.

"Kura za posta ni silaha ya Democrats"

Hii ni dhana ya wahafidhina wenyewe, na imewagharimu. Kwa miaka mingi Republican wa Florida ndio waliokuwa mabingwa wa kura za posta, wakiwategemea wazee wastaafu. Sheria iliyomruhusu kila mpiga kura wa Pennsylvania kutumia posta ilipitishwa 2019 na mabunge yaliyoongozwa na Republican. Kisha 2020 Trump akawaambia wafuasi wake wasiziamini. Januari 5, 2021 Georgia ikarudia kura za useneta, chama kikapoteza viti vyote viwili pamoja na udhibiti wa Seneti, na wahafidhina kadhaa walisema wazi kwamba ukimwambia mtu wako kila siku kwamba kura yake itaibiwa, atabaki nyumbani. Kufikia 2024 chama kilikuwa kinawahimiza watu wapige kura mapema na kwa posta.

"Ni chama cha wazungu wa vijijini, hakina pa kukua"

Baada ya Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, kushindwa 2012, wakuu wa chama wenyewe karibu waliamini hivyo. Ripoti yao ya Machi 2013 ilisema njia ya kuwapata Walatino ni kulegeza msimamo kuhusu uhamiaji. Trump akafanya kinyume. Tazama kaunti ya Starr, Texas, kandokando ya mto Rio Grande, ambako karibu wakazi wote ni Walatino. Mwaka 2016 Clinton alipata pale asilimia 79. Mwaka 2024 Trump akapata karibu 58, na ilikuwa mara ya kwanza tangu 1892 kaunti hiyo kumpa ushindi Mrepublican anayewania urais. Watu wa Starr wengi hufanya kazi kwenye mafuta, kwenye malori, na kwenye doria za mpakani. Bei ya nyama na petroli iliwagusa kila siku.

"Mtazamaji wa Fox habadiliki"

Septemba 2020 watafiti David Broockman na Joshua Kalla waliwalipa watazamaji wa kawaida wa Fox dola 15 kwa saa watazame CNN badala yake, hadi saa saba kwa wiki, mwezi mzima. Waliwapima pia kwa maswali madogo kuhakikisha kweli wanatazama. Watu hao walibadilika. Walijua mambo kuhusu korona ambayo wenzao hawakuyajua, na wengi zaidi wakakubali kwamba Trump akikosea, Fox haitalisema. Mwezi ukaisha, malipo yakakoma, wengi wakarudi Fox, na ndani ya miezi miwili sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilikuwa imefutika.