Vifaranga hawafi kwa kijicho: tunayoambiana kuhusu kulea vifaranga, na ukweli wake

Boksi la vifaranga 100 huja na matundu ubavuni, na ndani limegawanywa vyumba vinne vya vifaranga 25. La kwanza nililifungulia Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile ya kuchoma mifupa. Siku ya nne nilikuwa nimebaki na 61. Jirani akanifariji: "Wewe huna mkono wa kuku, mwanangu." Mama mkubwa akasema ni kijicho, boksi lilionekana na watu wengi likishushwa kwenye bodaboda. Kwa miezi kadhaa niliyaamini yote mawili. Naandika kwa sababu maneno hayo bado nayasikia, na vifaranga bado wanakufa kwa mambo yanayojulikana na yanayozuilika.

"Weka jiko la mkaa, ziba madirisha yote, joto lisitoke."

Hili ndilo lililoniulia vifaranga wangu. Niliwaweka stoo isiyo na dirisha, nikatundika turubai mlangoni, nikaingiza jiko. Alfajiri nilipoinama kuwatazama kichwa kilikuwa kizito kama nimepigwa. Wao walikuwa wamelala kimya pembeni, utadhani wamesinzia.

Kifaranga wa siku moja ana malaika tu mwilini, hajaota manyoya ya kumkinga baridi, hivyo anategemea joto la nje. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Jiko la mkaa linaweza kabisa kutoa joto hilo. Kinachoua ni hewa. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu hudhani moshi ukiisha hatari imeisha. Hapana, gesi hiyo inaendelea kutoka hata mkaa ukiwa mwekundu safi. Na haichagui kuku na mtu: familia zimepoteza watu kwa jiko lililoachwa chumbani usiku. Kwa hiyo usilale chumba kimoja na vifaranga wanaopashwa joto kwa mkaa, hata kama umebakiwa na hicho tu.

Washa jiko nje mpaka mkaa ushike sawasawa, ndipo uingize. Liweke juu ya matofali, lizungushie wavu ili maranda ya sakafuni yasishike moto na vifaranga wasiusogelee. Acha uwazi wa hewa sehemu ya juu ya ukuta, usiku kucha. Upepo unaopita chini kwenye miili yao ndio wa kuziba. Hewa inayopita juu ya vichwa vyao iache ipite. Hewa hiyo huondoa pia ule ukali wa kinyesi unaowasha macho. Ukiinama usawa wa kifaranga na macho yako yakawasha, ya kwake yameshaumia.

"Taa inawaka, basi wana joto."

Inategemea taa gani. Balbu za zamani, zile za waya ndani, zilipoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto, na ndiyo maana mama zetu walilea vifaranga kwa balbu ya wati 100. Balbu za LED tunazonunua siku hizi zimetengenezwa zisipoteze umeme hivyo. Zinatoa mwanga mwingi na joto dogo sana. Nimeona vifaranga 30 wamerundikana chini ya LED nyeupe inayong'aa kweli kweli, wanatetemeka. Nunua balbu maalumu ya kupasha joto, au tumia chungu cha mkaa au jiko kwa tahadhari nilizotaja. Na uwe na mpango wa pili wa kukatika umeme: chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa zimeniokoa zaidi ya mara moja.

"Dar kuna joto, huku hawahitaji kitu."

Mchana wa Februari, Dar es Salaam, chumba kidogo chenye bati kinaweza kupita nyuzi 35 na vifaranga wakafa kwa joto kupita kiasi. Usiku wa Julai, chumba hicho hicho kinashuka mbali chini ya wanachohitaji. Jina la mji halikusaidii, kwa hiyo watazame wenyewe. Wakisongamana chini ya joto na kupiga kelele nyembamba isiyokoma, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, mabawa wazi, wanahema midomo ikiwa wazi, wamezidiwa na joto. Wote wakiwa upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala ubavu na mguu umenyooka, hapo umepatia, kaa kimya uwaache.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda. Mshike kifaranga, mguse nyayo zake kwenye shavu lako. Zikiwa baridi, sakafu ni ya baridi hata kama hewa ya juu ina joto. Ndiyo maana chumba kinapashwa moto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, ili maranda yenyewe yapate joto.

Uzio wao uwe wa mviringo. Kwenye kona hujazana na wa chini hukosa pumzi.

"Usiruhusu watu wawaone, watapigwa kijicho."

Hapa wazee wamefika mahali sahihi kwa njia nyingine. Mgeni kweli anaweza kuua vifaranga, ila kwa viatu vyake. Akitoka kwenye banda lenye mdondo (kideri) au kuhara damu na kukanyaga banda lako, amekuletea ugonjwa. Kuwa na kandambili za bandani tu, na nawa mikono kabla na baada ya kuwashika. Watoto wasiwabusu: kifaranga anayeonekana mzima anaweza kubeba vimelea vya salmonela, vinavyoharisha watu.

"Chagua aliye mkubwa, huyo ndiye mwenye afya."

Ukubwa unategemea sana yai alilotoka. Mimi naanza na kitovu. Mgeuze, pulizia malaika ya tumbo. Kitovu kiwe kimefunga, kikavu, bila kijiti cheusi wala unyevu. Kitovu kilicho wazi ni mlango wa bakteria, na kifaranga wa namna hiyo mara nyingi hamalizi wiki. Kisha tazama nyuma: kinyesi cheupe kilichoganda ni cha kutilia shaka, kwani ugonjwa wa kuhara kweupe huambukizwa kupitia yai la mama. Mwisho mlaze chali kiganjani. Mzima hugeuka na kusimama mara moja. Anayepapasa miguu hewani, mrudishe.

Na jihadhari na bei ya kutupa. Kwa kuku wa mayai wa kahawia, wa aina kama ISA Brown, majike huzaliwa kahawia na madume huzaliwa na rangi ya njano hafifu. Madume hayo hayatagi, wala hayanenepi kama kuku wa nyama, na wapo wanaoyauza kwa jina la chotara. Uliza mayai yametagwa wapi, na kama vifaranga wamechanjwa dhidi ya Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku ya kwanza.

"Hawajala tangu jana, wameshaharibika."

Kabla hajaanguliwa, kifaranga huvuta kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, nacho kinaweza kumshikilia kama siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu husafirishwa mikoani bila chakula. Lakini akifika, maji kwanza, yasiwe ya baridi, yenye glukosi kidogo ukipenda kwa saa chache za mwanzo. Sahani iwe ya kina kifupi na mawe safi ndani wasizame. Usiku papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: likiwa laini na limejaa, amekula na kunywa. Likiwa tupu, mchovye mdomo majini taratibu. Chenga za mchele pekee hazitoshi. Wanahitaji chakula cha kuanzia chenye protini ya kutosha.

"Wape antibayotiki tangu siku ya kwanza, wasiugue."

Mdondo na Gumboro ni magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Vivyo hivyo alovera na pilipili, hata mkiwapa ndoo nzima. Ukiwapa dawa kila mara bila ugonjwa, unafuga vimelea sugu vitakavyokushinda siku dawa inapohitajika kweli. Kinachokinga ni chanjo: ratiba iliyozoeleka kwetu ni mdondo siku ya 7, Gumboro ya 14, mdondo tena ya 21, Gumboro ya 28, ila mfuate bwana mifugo wa eneo lako. Kwa wafugaji wa vijijini kuna chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine na kutengenezwa pia Kibaha: tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3.

Chanjo ya kwenye maji huharibiwa na klorini ya bomba. Niliwahi kuchanja kwa maji ya bomba moja kwa moja, nikajiona nimemaliza kazi. Tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi, na wayamalize ndani ya saa mbili.

"Mtetea hawezi kulea vifaranga wa kununua."

Anaweza, akiwa ameatamia kikwelikweli na vifaranga ni wa siku moja au mbili. Subiri giza liingie. Toa mayai, pitisha mkono chini ya kifua chake, ingiza vifaranga mmoja mmoja, 10 au 12 wa kufunikwa vizuri. Ukisikia anaguna taratibu, kwa ile sauti nzito ya kuita wanawe, ameshawakubali.