X = f(X) haigandishi kitu

Nimeletewa tena, safari hii na picha ya skrini kama ushahidi: "Usiandike X = f(X), uoanishaji utazunguka milele." Haya, fungua SWI-Prolog, mojawapo ya mifumo ya lugha ya programu ya Prolog:

?- X = f(X).
X = f(X).

Jibu limerudi kabla hujainua kidole.

Uoanishaji, yaani kazi ya Prolog ya kufanya pande mbili za = ziwe sawa, ukikuta kigeu kitupu (kisicho na thamani bado) upande mmoja na muundo kama f(X) upande wa pili, unakielekeza kigeu kwenye muundo, basi. Ni hatua moja. Hauchungulii ndani ya f kuona nani amekaa humo. Kinachoweza kuzunguka ni kazi ya baadaye, yaani kuchapisha, kunakili au kulinganisha, kwenye mfumo usiojua miti ya mzunguko, yaani miundo iliyomo ndani yake yenyewe. Mifumo ya zamani ilichapisha f(f(f(f( mpaka uikate. Mchapishaji akakosea, lawama zikaenda kwa uoanishaji.

X = X nayo haimo kwenye kesi hii: kigeu kujikuta chenyewe si kosa, shida ni kujikuta ndani ya kitu kikubwa kuliko chenyewe. Na X = X + 1 haiongezi moja, maana = inaoanisha tu, haikokotoi. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni kwamba hofu ya kuganda inawafumba watu macho wasione hatari yenyewe, ambayo ni jibu bovu linalotoka upesi na kwa adabu zote:

ndogo(N, s(N)).
ipo :- ndogo(Y, Y).

s(N) ni namba inayofuata N, kwa hiyo mstari wa kwanza unasema kila namba ni ndogo kuliko inayoifuata. Sawa? Sasa uliza ?- ipo. Unajibiwa true. Yaani ipo namba iliyo ndogo kuliko yenyewe! Y imefungwa kwa s(Y) ndani ya kanuni na ikaishia humohumo. Hakuna cha kukushtua kwenye skrini. Robinson alipochapisha algorithimu yake ya uoanishaji mwaka 1965 aliweka ukaguzi: kabla ya kufunga kigeu, hakikisha hakimo ndani ya muundo. Prolog iliuacha kwa sababu ya gharama, maana kazi ya hatua moja inageuka kupekua muundo mzima.

Mimi kukosekana kwa ukaguzi huo kuliniuma kwenye orodha za tofauti, yaani orodha inayoandikwa pamoja na mkia wake ulioachwa wazi. Foleni nilikuwa naiandika Orodha-Mkia, na utupu wake naupima kwa Q = Z-Z, yaani orodha na mkia wake ni kitu kimoja. Siku moja [a,b|M]-M ikapita kama foleni tupu. Fuata hatua: Z inakuwa [a,b|M], kisha Z hiyohiyo inaoanishwa na M, na M kwa kuwa haijafungwa inakubali kuwa [a,b|M]. Orodha imeuma mkia wake. Nilihangaika siku mbili nikitafuta kosa kwenye faili jingine kabisa.

Ukishuku sehemu moja tu, tumia unify_with_occurs_check/2, yaani uoanishaji wenye ukaguzi ule, imo kwenye kiwango cha ISO cha Prolog cha 1995. Kwa programu nzima, SWI-Prolog ina set_prolog_flag(occurs_check, error). Thamani true ipo pia, ila hiyo inafanya uoanishaji ushindwe kimyakimya, na kimya ndicho kilichonila siku mbili. Wakati wa majaribio naweka error, ambayo inalalamika waziwazi.

Sasa niseme pale msimamo wangu unapoyumba. Nimeita true ile jibu bovu, lakini Alain Colmerauer, mmoja wa waanzilishi wa Prolog, kwenye toleo la Prolog II aliikubali miti isiyo na mwisho kuwa vitu halali. Ukimfuata yeye, Y ni s(s(s(...))) bila kikomo, na ipo haijadanganya, mimi ndiye niliyedhani naongelea namba za kawaida bila kuiambia programu hivyo. Sina hoja ya kumshinda. Nikishughulika na mashine za hali, yaani mifumo inayohama kutoka hali moja hadi nyingine, ambazo kwa asili zinarudi zilikotoka, miti hiyo naitumia mwenyewe bila haya.

Ila kwenye programu ya kukisia aina za thamani (kama namba au orodha) katika msimbo, ukaguzi sizimi. Bila huo, funksheni inayojipokea yenyewe kama hoja inapewa aina iliyomo ndani ya aina hiyohiyo, na inapita kama vile kila kitu ni salama.