"Kiasi tu" ya mama ni kipimo

Wengi husema mapishi ya mama hayana vipimo, ni baraka ya mkono. Si kweli. Anapopika wali wa nazi, husimamisha kidole juu ya mchele: tui jepesi likifika pingili ya kwanza, basi. Kipimo hicho kimefungwa na sufuria yake. Hamia kwenye sufuria pana na wali utatoka bokoboko, maana kimo ni kilekile lakini maji yamezidi.

Ukitaka kujifunza kwake, usimhoji sebuleni. Atakujibu "kiasi tu", na hadanganyi, mkono ndio unaokumbuka. Nenda naye jikoni. Pima mchele kabla hajaanza. Chumvi aimimine kwanza kwenye kibakuli, uipime, kisha aitie. Andika pia anachokisikia na kunusa, na mpangilio wa kazi yake: tui zito hulitia mwisho, moto ukiwa mdogo, kwa sababu likichemka sana hukatika na mafuta kuelea.

Kama masikio yake yamechoka, usimpigie kelele. Zima redio, mkabili usoni, sema polepole. Na akikunyang'anya mwiko, mwachie. Hapo ndipo somo lilipo.